Viroboto wa Kijiji Kipya

Lori lilipotushusha kwenye kijiji kipya, mama mkwe wangu hakujali kitu kingine chochote kabla ya kikapu chake. Sisi wengine tulikuwa tunahangaika na magunia, vinu, majembe, hata mlango wa nyumba tuliyoiacha, maana mume wangu aliung'oa na bawaba zake. Mama alikaa kwenye kivuli cha lori, akafungua kamba ya kikapu taratibu, na paka akatoa kichwa, akatazama huku na huku kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.

"Tumefika," mama akamwambia. "Hapa ndipo kwetu sasa."

Ilikuwa kiangazi cha mwaka ule watu walipohamishiwa vijijini. Mimi nilizaliwa Tabora mjini, mtoto wa fundi mwashi, nikaolewa na mkulima wa upande wa Igalula, mbali na reli, ndani kabisa kwenye misitu ya miyombo. Kule nilikoolewa nyumba ilikuwa tembe, ya paa bapa la udongo, na jirani wa karibu hata ukimwita kwa sauti yako yote hakusikii. Kijijini tulipangwa mistari, nyumba kando ya nyumba, hivi kwamba mtu akikohoa kwake mimi naamka. Tuliahidiwa shule, kisima na zahanati. Shule ilianza upesi. Kisima kilichimbwa. Zahanati ilibaki msingi wa mawe, na nyasi zikaota katikati yake.

Tulijenga kwa haraka, miti na tope na paa la nyasi, kabla mvua hazijatukuta nje. Hakuna aliyepata nafasi ya kujenga kihenge cha kuwekea nafaka. Mahindi na karanga tulizilundika humo humo ndani tulimolala, magunia kwenye ukuta mmoja, vitanda kwenye ukuta mwingine. Nilikuwa naweza kunyoosha mkono kutoka kitandani nikagusa chakula cha mwaka mzima. Mwanzoni nililiona jambo hilo kuwa baraka.

Panya nao waliliona hivyo hivyo.

Sijawahi kuona panya kama wale. Walitoboa magunia, walitafuna sabuni, walikula hata ukosi wa shati la mume wangu la kanisani kwa sababu ya jasho. Mchana ungewasikia kwenye nyasi za paa wakikimbizana. Katika mstari wetu wote paka alikuwa mmoja tu, yule wa mama mkwe, na kwa hiyo akawa mtu mkubwa. Watu walikuja kumwazima.

"Shikamoo, mama. Tunaomba paka wenu leo."

"Marahaba. Mchukueni, lakini msimfunge kamba. Na mumpe maziwa mkiwa nayo."

Alikwenda nyumba hii leo, nyumba ile kesho, akarudi tumbo limejaa. Mama alijivuna naye kama mtu anavyojivunia mtoto aliyefaulu mitihani. Mumewe alikuwa amezikwa kule tulikotoka, shamba lake la miembe lilikuwa kule, na marafiki zake wa ujanani walikuwa wametawanywa vijiji vingine. Paka ndiye aliyebaki naye. Usiku alilala miguuni pake, na kati ya mama na paka alilala binti yangu, wakati huo mdogo, meno ya mbele ndiyo kwanza yanamng'oka.

Niliona alama kwenye vifundo vya miguu ya binti yangu kwanza. Vidoti vyekundu, vitatu vitatu, vingine amevikuna mpaka vimefanya usaha. Nikapiga magoti karibu na kitanda chao, nikafunua ngozi ya ng'ombe waliyolalia. Vumbi la pale lilikuwa na chembe nyeusi kama baruti, na chembe nyeupe kama chumvi iliyosagwa. Nyeusi moja nikaiweka kwenye kitambaa kibichi, ikachuja rangi nyekundu. Ilikuwa damu iliyokwisha kuliwa.

"Mama," nikasema, "paka ana viroboto wengi."

"Paka gani asiye na viroboto?" Alikuwa anachambua karanga, hakuinua kichwa. "Sisi tumezaliwa nao, tumekua nao."

Sikuweza kubishana na mama wa mume wangu. Nilifagia, nikamwaga maji sakafuni, nikaanika ngozi juani. Lakini nikapata jambo jingine la kunitia wasiwasi. Chini ya mkia wa paka, kwenye manyoya, niliona vitu kama punje za mchele mkavu. Siku chache baadaye nikaviona kwenye choo cha mtoto wangu, na vya kwake vilikuwa vinatembea.

Jirani yetu wa mkono wa kulia alikuwa mtengeneza mizinga ya nyuki. Mtu mrefu, mpole, mikono yake daima ikinuka nta. Alikuwa na mbwa wawili aliokwenda nao porini kwenye nyuki na kwenye sungura. Mbwa hao nao walianza kujikuna tangu paka alipoazimwa nyumba ile, mpaka mgongo karibu na mkia ukabaki ngozi tupu. Mkewe akalalamika kwamba hawezi tena kukaa sakafuni kusuka mkeka. Basi mtengeneza mizinga akaenda kwa mchunga ng'ombe, akaomba dawa ya josho, ile ya kuua kupe. Akaichanganya na maji kwa kukisia, akampaka mbwa mmoja mwili mzima.

Tulisikia mlio tukatoka. Mbwa alikuwa amelala ubavu, anatetemeka miguu yote, mate yanamtoka kama povu la sabuni. Hakufika adhuhuri. Mtengeneza mizinga alimzika mwenyewe, na alipomaliza akaimwaga dawa iliyobaki shimoni.

"Nilitaka kumpumzisha tu," akaniambia. Mbwa wa pili akabaki na viroboto wake.

Halafu panya wakabadilika.

Asubuhi moja nilikuwa nakoroga uji, panya akatoka nyuma ya magunia, akaja mpaka katikati ya sakafu. Hakukimbia. Alitembea kama mlevi, akipepesuka, manyoya yamesimama. Nilipiga mguu chini, hakushtuka. Akafika karibu na jiko, akalala, akafa hapo hapo mbele yangu, kwenye mwanga.

Mama mkwe alisimama mlangoni akamtazama. Uso wake ulibadilika.

"Babu yangu alibeba pembe za ndovu mpaka pwani, mara nyingi," akasema. "Alikuwa akisema njiani kule, wapagazi wakifika kambi wakakuta panya wamejifia wenyewe, hawalali hapo hata kama wamechoka namna gani. Wanabeba mizigo wanaendelea."

"Kwa nini?"

"Hakusema. Na sisi watoto hatukuuliza."

Nilimchukua yule panya kwa kipande cha gome, nikamtupa jalalani. Kesho yake nikakuta wengine wawili. Jirani zetu nao walikuwa wanawaokota. Wengi walifurahi, wakidhani kuna aliyetega sumu.

Ndipo mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Alikuwa mtu mwenye bidii na sauti kubwa, na alichosema kilimwingia kila mtu akilini: chakula chetu kinaliwa, panya wamedhoofika, sasa ndio wakati wa kuwamaliza. Ikatangazwa siku ya kuua panya. Mume wangu, aliyekuwa kwenye kamati, alipewa kuongoza mstari wetu.

Siku hiyo ilikuwa kama sherehe. Watoto hawakwenda shule. Magunia yalihamishwa, mashimo yakamwagiwa maji ya moto, na kila panya aliyetoka alipokewa kwa fimbo. Kulikuwa na vicheko na nyimbo za kazi. Watoto waliburuta mizoga kwa mikia, wakailundika nyuma ya ghala la kijiji. Paka wa mama alikula mpaka akashindwa. Mbwa wa mtengeneza mizinga naye alikuwemo, anatikisa panya mdomoni, na bwana wake anamsifu.

Asubuhi iliyofuata niliingia ndani kufagia. Sikuwa nimefika katikati ya chumba nikahisi miguu yangu inachomwa. Nikatazama chini. Nilidhani nimekanyaga masizi. Kutoka nyayo mpaka karibu na magoti, ngozi yangu ilikuwa na vitu vyeusi, na vilikuwa vinaruka. Nikatoka mbio, nikajipangusa kwa mchanga, nalia kama mtoto. Nyumba yetu ilikuwa kimya, hakuna tena vishindo vya panya kwenye paa, na ukimya ule ulinitisha kuliko kelele zao zote.

Mume wangu akacheka kidogo. "Watakufa tu. Hawana panya tena wa kula."

Siku chache baadaye mtengeneza mizinga akashikwa na homa. Alikuwa na uvimbe kwenye kinena, mkubwa kama yai, na unauma hata kanga ikiugusa. Hakuna aliyeogopa, kwa sababu kila mtu anaujua mtoki. Ukijikwaa kidole mtoki unatokea. Mkewe akamkanda kwa maji ya moto, akatafuta kidonda mguuni. Hakukiona.

"Labda kimekwisha kupona," akaniambia.

Nilipokwenda kumjulia hali alikuwa ananitazama lakini hanioni. Alisema maneno ya ovyo, anawaita mbwa wote wawili, pamoja na yule aliyemzika. Macho yake yalikuwa mekundu. Wanaume wakakata shauri kumpeleka Tabora hospitalini. Walimbeba kwa kitanda chake cha kamba mpaka stesheni ya Igalula, mume wangu akiwa kwenye mguu mmoja wa kitanda, sisi wanawake nyuma. Treni ilikuwa imechelewa. Tulimweka kivulini, mkewe akimpepea kwa upande wa kanga. Akafa pale stesheni, watu wanapita na vikapu vyao vya mayai, na treni ilipofika haikuwa na kazi naye tena.

Mganga mmoja wa zahanati ya pale stesheni ndiye aliyekuja kumtazama. Aliutazama ule uvimbe kwa muda. Akauliza jambo ambalo lilitushangaza sote.

"Huko kwenu, panya wamekuwa wakifa?"

Tukamwambia. Akatuzuia tusimwoshe marehemu kwa mikono mitupu, akaenda ofisi ya stesheni kupiga simu Tabora.

Bwana Afya alifika na treni ya kesho yake, na baiskeli, na mapipa madogo ya dawa ya unga. Alikuwa kijana aliyevaa kaptula na soksi ndefu nyeupe, safi kiasi kwamba wanawake walichekeana. Alipofika kwetu aliomba ruhusa, akavua viatu, akaingia ndani na soksi zile, akatembea polepole kando ya magunia na kando ya vitanda. Akatoka. Akasimama juani, sote tukaona. Soksi zilikuwa kama zimenyunyiziwa pilipili manga, na pilipili manga hiyo ilikuwa inapanda.

Hakuna aliyecheka tena.

"Mliua panya kwanza," akasema huku akijitia unga miguuni. "Ndilo kosa. Kiroboto anakaa kwa panya kwa sababu ya joto na damu. Panya akifa anapoa, na kiroboto anaondoka kutafuta mwili mwingine wenye joto. Anaruka kwa paka, kwa mbwa, kwa mtu aliyelala. Na kama panya alikuwa mgonjwa, kiroboto anaondoka na ugonjwa. Huanzi na panya. Unaanza na kiroboto."

Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Mwenyekiti naye.

"Ugonjwa gani?" mwenyekiti akauliza.

"Mpaka maabara waseme." Lakini alikuwa amekwisha kuamuru kila nyumba ihamie nje, watu walale mbali na kuta, matandiko yachemshwe. "Sasa niambieni, nyumba hii mna mnyama?"

Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholala. "Tulikuwa na paka," akasema. "Ameondoka."

Nilijua si kweli. Tangu jana yake kikapu kilikuwa nyuma ya nyumba, kimefunikwa kwa kanga. Na wakati huo huo binti yangu, aliyekuwa ameegemea bega langu tangu asubuhi, akasema anasikia baridi. Jua lilikuwa kali. Nikamshika, alikuwa anawaka moto.

Bwana Afya alipiga magoti mbele yake. Akamgusa shingo, akamwinua mkono, akambonyeza kwapani. Mtoto akapiga kelele.

"Analala na nani?"

"Na bibi yake," nikasema.

"Na nani mwingine?"

Nilimtazama mama. Alinyanyuka kutoka kwenye kinu, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi amekibeba kikapu kifuani kwa mikono yote miwili. Akakiweka chini, akatoa kanga. Paka alikuwa amelala, mdomo wazi, anapumua kwa shida, na chini ya taya lake kulikuwa na uvimbe.

"Huyu hapa," akasema. "Nilidhani mtamuua. Tazameni mtoto kwanza."

Bwana Afya alimsogeza mama kando kwa upole sana, jambo ambalo sijalisahau. Akamwambia asikiguse tena kikapu, wala asisogee karibu na pumzi ya paka. Mama akauliza kama ule unga haungemsaidia.

"Hapana, mama. Paka hujilamba. Unga huu ukimwingia tumboni unamuua kabla ya kiroboto. Paka mzima angeogeshwa kwa maji na sabuni, ukianza na povu shingoni ili viroboto wasikimbilie masikioni, kisha achanwe kwa kitana chembamba. Na alalapo pafagiwe kila siku, taka zichomwe, maana mayai yanadondoka hapo alipolala, hayabaki mwilini. Ungefanya hivyo zamani, angekufaa. Huyu amekwisha kuugua."

Paka alikufa kabla baiskeli ya kumpeleka mtoto stesheni haijaandaliwa. Wanaume walimwagia kikapu maji yanayochemka, wakakitia kwenye shimo refu, pamoja na kanga. Mama alisimama mbali alikoambiwa asimame.

Mimi nilipandishwa treni na mtoto. Njia ya kutoka Igalula kwenda Tabora si ndefu, lakini siku ile kila kituo kilionekana kama mahali pa kufia. Tulipewa nafasi peke yetu, abiria wengine wakaambiwa wakae mbali, na nikaona jinsi walivyonitazama. Hospitalini waliniweka naye chumba cha pembeni. Alichomwa sindano asubuhi na jioni. Dada yangu alileta chakula akakiacha dirishani, tukazungumza kwa kupaaziana sauti. Kwa siku kadhaa mwanangu hakunijua. Alimwita bibi yake, alimwita paka. Kisha asubuhi moja akaomba uji, akalalamika kwamba hauna sukari, na muuguzi aliyekuwa mlangoni akakaa chini kwenye kiti akafunika uso.

Daktari alimpa pia dawa ya minyoo. Nilimweleza zile punje za mchele, akasema mtoto anayecheza na paka au mbwa mwenye viroboto akimeza kiroboto, naye anapata mnyoo ule. Aliyasema hayo kama jambo dogo. Kwa kulinganisha, lilikuwa dogo.

Tuliporudi kijijini nyumba zilikuwa zimenyunyiziwa unga kuanzia kwenye mashimo ya panya mpaka chini ya vitanda. Ni baada ya hapo tu, viroboto walipokwisha, ndipo mitego ilipowekwa. Sakafu zilisiribwa upya kwa udongo na samadi, nyufa zote zikazibwa. Vihenge vilijengwa nje, juu ya nguzo, na magunia yakatoka tulimolala. Mjane wa mtengeneza mizinga alimwosha mbwa aliyebaki kwa sabuni ya mche kila Jumamosi, peke yake, kwa muda mrefu, kama mtu anayetimiza wosia. Bwana Afya alimwonya kila mtu aliyekuwa na nyumba tupu: kiroboto mchanga hujikunja kwenye vumbi akangoja, miezi hata, na mtu akirudi akakanyaga sakafu, ule mtikisiko ndio unaomwamsha. Watu wawili hawakumsikiliza, wakarudi nyumbani kabla ya kunyunyiziwa. Mmoja wao alipelekwa Tabora kama binti yangu. Alipona.

Jina la ugonjwa hatukuambiwa. Mume wangu aliuliza ofisini mara nyingi, wakamwambia majibu hayajaja. Alizeeka akijiuliza kuhusu ile siku ya fimbo na nyimbo. Sisi wengine tulisema tu homa ya panya, na wazee wachache walisema tauni, lakini kwa sauti ya chini.

Mama mkwe hakuugua. Alipewa vidonge, akavimeza, akatazamwa, akaachwa. Hakumlilia paka mbele yetu. Lakini yeye ndiye wa kwanza kugundua jambo ambalo mimi, mama mzazi, sikuligundua. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Akamwita mtoto kwa nyuma, upande wa kushoto, mtoto hakugeuka. Akamwita tena. Akainuka, akazunguka upande wa kulia, akamwita kwa sauti ndogo, na mtoto akaitika.

"Sikio hili limeondoka," akaniambia. Daktari baadaye alisema sindano zile huweza kufanya hivyo, na kwamba bila sindano asingekuwepo wa kuitwa.

Tangu siku hiyo mama mkwe hakuwahi kukaa kushoto kwa mjukuu wake. Kanisani, shambani, kwenye mkeka wa chakula, alizunguka mpaka upande wa kulia ndipo akakaa, akaanza kuzungumza.